Upole Si Uzembe: Niliyoambiwa na Niliyoyakuta kwa Vijana wa Moshi na Arusha

Kabla sijavuka mpaka wa Holili kuja kusoma Moshi, jamaa zangu wa Nairobi walinieleza habari za vijana wa Tanzania kana kwamba wamewahi kuishi nao: ni wapole kupita kiasi, hawana haraka na lolote, Kiingereza kinawashinda, na ukifika Arusha ushike mfuko wako. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Naandika kwa sababu dhana hizi nazisikia bado kila nirudipo nyumbani, na zinanikera kuliko zamani, maana sasa nina majina na nyuso za watu wanaosemwa.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba upole wa kijana wa Moshi ni uzembe. Wiki yangu ya kwanza niliingia asubuhi katika mgahawa wa mama mmoja mtaa wa Majengo, nikasema, "Nipe chai na chapati mbili." Yule mama aliacha chapati aliyokuwa akiigeuza, akafuta mikono kwa kanga, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani tumeamka nyumba moja, mwanangu?" Sikumwelewa mpaka kijana aliyekaa kando yangu aliponinong'oneza, "Mwamkie kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya, ulikuwa unasemaje?"

"Naomba chai na chapati mbili."

Yote hayo hayakufika hata dakika moja, na chai nililetewa upesi. Kwetu Nairobi neno "nipe" dukani halina ubaya wowote, lakini hapa ni amri, na amri haitolewi kwa mtu ambaye hujamjulia hali. Mgeni huona salamu ndefu akadhani kazi imesimama, ilhali kwa watu wa hapa salamu ni sehemu ya kazi yenyewe, na asiyesalimu ndiye atakayecheleweshwa. Kijana yule aliyeninong'oneza anauza mitumba Kiboriloni, na siku ya kufungua belo huwa amefika sokoni alfajiri, kwa sababu nguo nzuri humalizwa na wateja wa mwanzo. Wawili kati ya wanafunzi wenzangu hufanya kazi ya upagazi Mlima Kilimanjaro kila likizo ndefu, wakibeba mzigo wa hadi kilo 20 kupita msitu, kisha nyika, hadi kambi za juu kwenye baridi kali, ili walipe ada na pango la chumba. Wakishuka, huongea kwa upole uleule.

Dhana ya Kiingereza nayo inadhuru, kwa kuwa inapima akili kwa lugha. Ni kweli kwamba wengi wa wenzangu husitasita wanapokizungumza. Sababu yake iko wazi: tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na mtoto hukutana na Kiingereza kama lugha ya karibu masomo yote anapoingia sekondari. Lakini kaa nao kwenye majadiliano ya jioni, wakati mitihani imekaribia, usikie jinsi hisa, gawio, akiba na dhamana ya mkopo vinavyofafanuliwa kwa Kiswahili mpaka aliyekuwa gizani aelewe. Mara kadhaa ni mimi niliyekuwa gizani. Nilikuwa nimekariri maneno ya Kiingereza vizuri, na dada mmoja wa darasa letu aliponiomba nieleze kwa lugha yangu gawio hukokotolewaje, nilikwama kwenye sentensi ya pili.

Kuhusu Arusha nitasema machache. Wizi upo, kama ulivyo katika kila mji wenye stendi kubwa na wageni wengi. Kinachoitwa uhuni na watu wa mbali, mara nyingi ni namna ya kuvaa na kuongea tu: kofia, buti, na lugha ya machalii wa Chuga, yaani vijana wa Arusha, ambayo hata mimi niliikuta ina maneno yanayokaribiana na Sheng ya kwetu. Mitaa hiyohiyo ndiyo iliyolea hip hop ya Kiswahili yenye uzito. X Plastaz walichanganya uimbaji wa Kimaasai na mashairi ya kufoka, na baadaye wakaja Weusi, kundi la akina Joh Makini. Nikki wa Pili wa kundi hilo aliteuliwa mwaka 2021 kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe.

Imebaki ile ya kwamba kijana wa Kichaga hajali kitu ila pesa, na kwamba Desemba hurudi nyumbani kujionyesha. Mwaka jana rafiki yangu alinialika kwao Marangu. Magari yaliyotoka mikoa mbalimbali yalikuwa yamejaa barabarani, na hayo ndiyo yanayoonekana na wengi. Nilichokiona mimi ni kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye migomba na kahawa, mpaka wake umepandwa masale, na makaburi ya babu zake yako hatua chache kutoka mlangoni. Yeye na ndugu zake walianza kwa kufyeka majani makaburini kabla ya nyama kuchinjwa. Mbege, pombe ya ndizi, ilipoletwa, kata ya kwanza ilipelekwa kwa wazee, nasi vijana tukasubiri tumesimama. Babu yake aliniita, akapokea shikamoo yangu, akaniuliza wangu amezikwa wapi. Nilijua ni Murang'a, ila kijiji sikukijua. Jioni ile nilimpigia baba simu kumuuliza.