Wavuti wa maana: Pemba ipi?

Msimu wa karafuu, mvua ni adui wa majamvi. Asubuhi moja Wete, kisiwani Pemba, tuliiuliza simu hali ya hewa ya Pemba, ikatujibu jua kutwa. Tukaanika. Adhuhuri haijafika, watoto mbio kukunja majamvi, mvua ishaanguka. Nilipoitazama tena ile simu, jua lilikuwepo kweli, ila la mji wa Pemba kule Cabo Delgado, Msumbiji.

Kwa kompyuta, "Pemba" ni herufi tano tu. Kurasa za mtandaoni zimeandikwa zisomwe na watu, ambao hung'amua wenyewe ni Pemba gani. Wavuti wa maana ni njia ya kuandika habari ili na mashine itambue kinachotajwa. Aliyelieneza wazo hili ni Tim Berners-Lee, yule yule aliyebuni wavuti, kwa makala aliyoandika na wenzake wawili mwaka 2001.

Kwanza, kila kitu hupewa anwani yake pekee, iitwayo URI. Ni kama namba ya kitambulisho: skuli moja inaweza kuwa na kina Khamis Juma wanne, lakini namba hazigongani. Kisiwa kina anwani yake, mji wa Msumbiji una yake.

Kisha habari huandikwa kwa vipande vitatu vitatu, utaratibu uitwao RDF:

Wete – imo ndani ya – Pemba.
Pemba – imo ndani ya – Zanzibar.

Utamu uko hapa. Ukiieleza mashine, kwa lugha ya OWL, kwamba uhusiano wa "imo ndani ya" hurithishana, itajua yenyewe kuwa Wete imo Zanzibar, na hakuna aliyeiandikia hivyo. Kuulizia nako kuna lugha yake, SPARQL: nipe miji ya Zanzibar yenye bandari. Wete itakuja, na Mkoani pia, mradi bandari zake zimeandikwa.

Wavuti mzima haukugeuka hivyo. Kazi ni kubwa, na wenye tovuti wengi hawaioni faida yake. Yapo yaliyoshika, hata hivyo. Msamiati wa schema.org, ulioanza 2011, huiwezesha hoteli ya Nungwi kuziambia injini za utafutaji bei na anwani yake, ndani kwa ndani, mgeni asione kitu. Na Wikidata, hazina huria ya data mtandaoni, tangu 2012 hukipa kila kitu namba inayoanza na Q. Humo hata "Zanzibar" imebidi ipasuliwe: visiwa vyote mbali, kisiwa cha Unguja mbali, mji mbali.