Kwenda peku: maana yake na mahali neno linapokaa

Kwenda peku, au pekupeku, ni kutembea bila kuvaa chochote miguuni: si kiatu, si ndala, si katambuga. Wengine husema miguu mitupu. Soksi zinaleta utata kidogo. Mtoto akitoka nje na soksi tu, mama atamgombeza kwa kuzichafua, lakini sidhani kama atamwita peku.

Aliyevua viatu mlangoni mwa msikiti naye miguu yake ni mitupu, ila hakuna anayesema "fulani kaingia msikitini peku". Tunasema kavua viatu. Ndivyo ilivyo pia kwa anayekanyaga mkeka nyumbani kwa watu. Peku husemwa pale ambapo kiatu kilitarajiwa na hakikuonekana: barabarani, shuleni, ofisini. Musa alipoambiwa avue viatu kwa sababu anakanyaga mahali patakatifu, habari iliyomo katika Biblia na Kurani pia, ile ilikuwa heshima.

Barabarani, watu huona ufukara kwanza. Dhana hiyo ina mizizi mirefu pwani yetu, kwani katika Zanzibar ya karne ya 19 viatu vilikuwa miongoni mwa alama zilizomtenga muungwana na mtumwa. Lakini dhana hiyo hukosea mara nyingi. Tarehe 10 Septemba 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma akiwa peku, kilomita 42 na ushee, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote duniani wakati huo. Hadi leo wapo wanaosimulia kwamba alikosa viatu. Si kweli: alikuwa askari wa kikosi cha ulinzi wa mfalme, na viatu alipewa. Ila vilimbana, na mazoezi ya peku alikuwa ameyazoea. Mwaka 1964 kule Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, kwa kasi kubwa zaidi.

Mwili nao hujirekebisha. Wayo wa mtu asiyevaa viatu huota ngozi nene. Utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake, uliotoka katika jarida la kisayansi la Nature mwaka 2010 na kuwahusisha wakimbiaji wa Kenya, ulionyesha kuwa waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, ilhali wengi wa waliozoea viatu hutanguliza kisigino.

Ngozi nene, hata hivyo, haizuii kila kitu. Minyoo ya safura hupenya ngozi kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Msumari ukichoma, pepopunda inaweza kufuata. Halafu kuna funza, ambaye wengi hudhani ni wa kwetu tangu zamani. La, asili yake ni Amerika. Aliletwa Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa amelivuka bara hadi upande wetu wa mashariki.

Mwenye kisukari asiende peku kabisa, hata sebuleni. Ugonjwa huo unaweza kuua hisia za miguu, akakanyaga kipande cha chupa asijue, na kidonda kikaja kugunduliwa kimeshaoza.