Pafu kuvuja hewa baada ya operesheni: tunayoambiana na ukweli wake

Hapa Tanga mtu akishapelekwa Muhimbili kupasuliwa kifua, baraza zote za Ngamiani zinakuwa na madaktari, na maneno mengine yanaweza kumuua mgonjwa kwahiyo naomba tuyaweke sawa.

Eti pafu likivuja hewa ujue daktari kaharibu. Hapana jamani. Pafu lote ni vifuko vidogo vidogo vya hewa, ukikata popote hewa inaweza kutoka, ndo maana kabla ya kufunga kifua wanamwaga maji ya chumvi ndani halafu mtu wa usingizi anajaza pafu hewa taratibu wanaangalia mapovu yanatokea wapi, yani vilevile fundi baiskeli anavyotafuta pancha kwenye karai. Panapotoa povu ndo panazibwa. Mivujo mingi midogo inajifunga yenyewe baada ya siku chache, ikizidi siku 5 ndo inahesabiwa ya muda mrefu.

Wengine wanasema siku hizi ni gundi tu. Kazi kubwa bado ni uzi na stepla, inayokata huku inapiga pini pande zote mbili. Pini ni za titani, hazili kutu na hakuna kurudi kutolewa. Gundi na viraka ni nyongeza, kuna kiraka kina fibrinojeni na thrombini, vitu vilevile vinavyogandisha damu yetu, na mwili unakiyeyusha wenyewe. Pafu lililochakaa kwa sigara linachanika kirahisi kwenye pini, hapo wanaweza kutandika utando wa moyo wa ng'ombe kulishikiza.

Sasa linaloniuma ni hili la chupa, ile yenye maji ambayo mpira unaotoka kifuani kwa mgonjwa unaingia ndani yake. Ndugu anaingia wodini, anaona maji yanabubujika, anasema "hewa yake inaisha hiyo, baneni mpira". USIBANE! Hewa hiyo imetoka kwenye pafu na inatakiwa itoke nje, maji yanaizuia isirudi, mtindo huu Gotthard Bülau wa Ujerumani aliuchapisha tangu 1891. Ukibana inajikusanya kifuani, inakandamiza pafu, ikizidi inasukuma mpaka moyo na presha inaanguka. Chupa ikae chini ya kifua muda wote, msiinyanyue kuweka kitandani. Na mapovu yakikata ghafla huku mgonjwa anahema juu juu msishangilie, huenda mpira umekunjika au umeziba, muiteni nesi haraka.

Halafu akiruhusiwa na mpira wake msiseme wamemkatia tamaa, kuna kivalvu kidogo kinachotoa hewa bila kuirudisha, anaenda nacho nyumbani anahudhuria kliniki mpaka kitolewe.