Konvesheni si wingi wa wageni

Wauzaji wa mtandaoni siku hizi wanalitumia neno konvesheni kwa karibu kila kitu. Laiki zikiongezeka, konvesheni. Inboksi ikijaa "bei gani?", konvesheni. Tangazo likionwa na watu laki moja, hiyo nayo konvesheni. Hapana.

Konvesheni ni sehemu ya wageni walioingia kwenye duka lako la mtandaoni ambao wamefanya kile ulichotaka wafanye, na kwa muuzaji kitu hicho ni kununua. Chukua walionunua, gawa kwa walioingia, zidisha kwa mia. Wameingia 2,000 na wakanunua 40, hiyo ni asilimia 2. Hesabu imeishia hapo.

Kinachonikera ni hiki. Muuzaji analipia tangazo Instagram, wageni wanapanda kutoka 2,000 hadi 10,000, wanunuzi kutoka 40 hadi 100, na yeye anatangaza kwamba konvesheni imepanda. Yaliyopanda ni mauzo. Konvesheni imeshuka kutoka asilimia 2 hadi 1. Wala sibishanii maneno tu, maana hela ya tangazo imeshatoka mfukoni: wageni 8,000 wa ziada wameleta wanunuzi 60, hata mmoja kwa kila mia hawafiki. Akiamini imepanda, mwezi ujao ataongeza pesa ya matangazo. Akijua imeshuka, atajiuliza wale 9,900 waliotoka mikono mitupu wameishia wapi.

Wapo waliokuja kuchungulia tu, hao hawana neno. Wengi wengine wameishia ndani ya duka lenyewe. Mfuate mteja mmoja wa Mbagala anayetaka viatu vya shilingi 35,000, mwenye simu ya kawaida na bando linalokaribia kuisha. Picha sita nzito zinafunguka kwa kusuasua. Saizi zimeandikwa 38 hadi 42, kumbe 40 imeisha, na haambiwi mpaka aibonyeze. Anatakiwa ajisajili kwanza: barua pepe, nywila, rudia nywila. Fomu inamdai msimbo wa posta, wakati yeye akielekeza mtu kwake hutaja kituo cha daladala na duka la dawa lililo jirani. Anafika mwisho ndipo gharama ya kuletewa mzigo inajitokeza, shilingi 7,000 ambazo hazikutajwa popote tangu mwanzo. Bado malipo: nakili Lipa Namba, toka kwenye tovuti, fungua menyu ya simu, ingiza namba, kiasi, PIN, kisha rudi utume picha ya ujumbe wa muamala WhatsApp, usubiri mtu athibitishe. Ni saa nne usiku na wa kuthibitisha amelala.

Kuboresha konvesheni ni kuondoa vikwazo vya namna hiyo kimoja kimoja na kupima tena baada ya kila kimoja. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikusanya takwimu za jambo hili, inaonyesha kwamba kwa wastani takriban vikapu 70 kati ya 100, yaani bidhaa ambazo mteja ameshazichagua kwenye duka la mtandaoni, huachwa bila kulipiwa, na sababu inayotajwa sana na wanunuzi ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni. Kwa hiyo zile 7,000 ziandike pembeni ya bei ya kiatu. Mruhusu mteja anunue bila kujisajili. Na kama unaweza kuunganisha mfumo unaopeleka ombi la malipo moja kwa moja kwenye simu yake, yeye abaki na kuingiza PIN tu (Wakenya wameshauzoea kupitia ombi la STK la M-Pesa), hatua nyingi zinafutika kwa mpigo. Katika haya yote hujatafuta mgeni mpya hata mmoja.

Halafu kuna suala la nani ahesabiwe kuwa amenunua, na hapa kwetu ndipo hesabu inapochafuka zaidi. Wateja wengi wanataka kulipa wakishapokea, na wana haki. Wameona watu wakiagiza simu wakaletewa kitu kingine. Jumia, kampuni ya maduka ya mtandaoni iliyoanzia Lagos mwaka 2012, iliwavuta wanunuzi wengi kwa kuwaruhusu kulipa mzigo ukiwa umeshafika. Lakini tovuti huhesabu mauzo mara tu mteja anapobonyeza "agiza". Bodaboda anafika, simu haipokelewi, au mteja anasema mshahara haujatoka, na kiatu kinarudi ghalani. Ripoti inasema asilimia 2, droo ya pesa inasema kidogo kuliko hapo. Hesabu zote mbili zina kazi yake, ila usizichanganye: moja ni ya oda, nyingine ni ya malipo, na pengo kati yake ni tatizo linalojitegemea.

Upande wa wageni nao una utata wake. Mama aliyeingia Jumatatu kutazama, Jumatano kumwonyesha mumewe, na mwisho wa mwezi kununua ni mtu mmoja mwenye ziara tatu. Ukigawa kwa watu, amenunua mmoja kwa mmoja. Ukigawa kwa ziara, ni moja kwa tatu. Anayelinganisha duka lake na la mwenzake bila kuuliza mwenzake amegawa kwa kipi analinganisha vitu viwili tofauti.

Na tafadhali, saa ya uongo inayohesabu dakika kurudi nyuma, au "zimebaki 2 tu" wakati ghala limejaa, si kuboresha chochote kwa mnunuzi. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2014 umezuia hata visanduku vya huduma za ziada zinazolipiwa kuwekewa alama ya kukubali kabla mteja mwenyewe hajakubali.

Basi ukitaja konvesheni, taja pia umegawa kwa watu au kwa ziara, ni ya kipindi gani, na kwako aliyenunua ni aliyeagiza au aliyelipa. Kama huna hesabu hizo, sema tu "mwezi huu tumepata oda nyingi". Hiyo ni habari njema, na tutakuelewa.