Wathibiti ubora waliona nini katika shule ile ya ufukweni

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye sherehe ya shule moja ya sekondari ya kata, hapa Ilemela, Mwanza, iliyopata ripoti nzuri ya uthibiti ubora. Wanafunzi walicheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, akina mama wakapika pilau na sato, na mzee mmoja aliyeketi karibu yangu akaniuliza: "Mwalimu, kwani matokeo ya kidato cha nne yametoka?" Kwa kuwa nimeifanya kazi ya uthibiti ubora tangu tulipokuwa tukiitwa wakaguzi, naona swali lake linastahili jibu kamili.

Matokeo ya Baraza la Mitihani hueleza mwanafunzi alijibu nini katika chumba cha mtihani. Mthibiti ubora, ambaye yuko chini ya Wizara ya Elimu ilhali shule yenyewe inasimamiwa na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) kupitia halmashauri, huja kutazama jinsi mwanafunzi huyo anavyofundishwa siku za kawaida. Huketi nyuma ya darasa, hulinganisha andalio la somo, yaani mpango wa mwalimu wa kipindi, na kinachofundishwa, huzungumza na wanafunzi bila walimu wao kuwapo, hukagua vyoo na maji, na huuliza jinsi shule inavyoongozwa na inavyoshirikiana na jamii.

Mimi huanza na madaftari, kwa sababu azimio la kazi, yaani mpango wa mada atakazofundisha mwalimu, linaweza kuandikwa usiku mmoja, lakini daftari la miezi sita haliandikiki kwa usiku mmoja. Siku hiyo ya sherehe mwalimu wa hisabati alinionyesha daftari la binti wa kidato cha pili. Swali la milinganyo lilikuwa limekosewa, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu mstari ambao kosa lilianzia. Chini yake binti alikuwa amefanya masahihisho, na mwalimu akarudi kuyasahihisha tena. Alama ya vema peke yake haimfundishi mtoto kitu; mazungumzo kama yale, yaliyorudiwa ukurasa baada ya ukurasa, ndiyo yaliyoipa shule hii sifa katika ufundishaji, nami niliyasoma kwa furaha kubwa.

Jambo la pili linahusu wazazi, ambao wengi wao ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa mitumbwi hupumzika. Kwa miaka mingi vikao viliitishwa kwa tarehe za kalenda ya ofisi, na wazazi waliokuwa wamekesha ziwani wakalaumiwa kuwa hawajali elimu, lawama ambayo mimi naiona ilikuwa dhuluma. Mkuu wa shule wa sasa aliamua kuitisha vikao siku za mbalamwezi, na madawati yakajaa. Uamuzi huo haukugharimu hata shilingi moja, na ripoti imeutaja.

Ripoti nzuri pia huwa na mapendekezo, ambayo shule nyingi huyafungia kabatini pamoja na furaha yao. Hapa mkuu wa shule aliyasoma yote kwa sauti, likiwamo linalosema kwamba kemia inafundishwa kwa nadharia mno kwa sababu maabara haina maji wala vifaa vya kutosha. Wathibiti watarudi kufuatilia utekelezaji, kwa hiyo bodi ya shule imeitisha kikao na wazazi kuhusu maabara, na kimepangwa mbalamwezi ijayo.