Kuweka saruji badala ya epoksi si kubadilisha gundi tu

Wengi hudhani kitambaa cha nyuzi za kaboni kinachobandikwa kwa gundi ya epoksi kuimarisha boriti ya zege kinaweza kubandikwa vilevile kwa mota ya saruji (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji). Hakishiki vizuri. Uzi mmoja wa kaboni una unene wa takriban maikromita 7, na nyuzi zimebanana. Chembe nyingi za saruji ni kubwa kuliko nafasi zilizo kati yake. Epoksi hupenya, saruji hubaki juu. Boriti ikielemewa, kitambaa hubanduka na ndani yake nyuzi ni kavu kabisa.

Saruji inataka wavu wa nyuzi wenye matundu, mara nyingi ya milimita 10 hadi 25, ili mota ipite na kushikana upande wa pili. Ondoa zege bovu, parua uso, kisha ulowanishe ushibe bila maji kutuama. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: uso mkavu hunyonya maji ya mota, nayo hupasuka na kuachia. Paka milimita 3 hadi 5, kandamiza wavu mota ikiwa mbichi, funika kwa tabaka jingine, uendelee kulowanisha kwa siku kadhaa.

Wavu wa nyuzi za kioo uwe wa aina inayostahimili alkali, yaani ukali wa kikemikali wa saruji; kioo cha kawaida huliwa na saruji.

Kwa nini kuhangaika na saruji badala ya epoksi? Epoksi nyingi za kawaida hulainika kwenye nyuzijoto 60 hadi 80 hivi. Mota haina udhaifu huo, ingawa nayo moto mkali huipasua.