Toa Pumzi Kwanza: Kuishi na Ugonjwa Sugu wa Kuziba Njia za Hewa

Jaribu jambo moja la nusu dakika, hasa wewe ambaye mapafu yako hayana shida. Vuta pumzi ujaze kifua. Sasa toa kidogo tu, kama robo ya ulichovuta, kisha vuta tena juu ya ile iliyobaki. Toa kidogo, vuta tena. Ukifika mara ya nne au ya tano utakuta mabega yamepanda karibu na masikio, shingo imekakamaa, na ingawa kifua kimejaa hewa pomoni, unaona kama unakosa hewa. Acha hapo, pumua kawaida.

Umeonja kidogo kile anachokutana nacho kila siku mtu mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao hospitalini tumezoea kuuita COPD. Mgonjwa akija kwangu husema pumzi haiingii. Nami humjibu kwamba haiingii kwa sababu ile ya mwanzo haijatoka. Chumba kimejaa, mgeni atakaa wapi? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya kifua, na karibu kila mbinu ninayofundisha inaanzia hapo.

Mapafu yenye afya hunyumbuka. Yakivutwa hutanuka, yakiachiwa hurudi yenyewe, ndiyo maana kutoa pumzi hakumchoshi mtu. Moshi wa miaka mingi hubomoa kuta za vifuko vidogo vya hewa, na kuta hizo ndizo zinazoishikilia mirija midogo ibaki wazi. Mirija yenyewe nayo huvimba na kujaa makohozi. Basi wakati wa kutoa pumzi, mirija iliyokosa cha kuishikilia hujifunga kabla hewa haijaisha, na iliyobaki hunasa humo humo. Ukipanda ngazi unahema haraka zaidi, muda wa kutoa unafupika, na hewa inayonasa inaongezeka. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kwa kawaida kimejikunja kama kuba; hewa ikijaa juu yake husukumwa chini, kikalala bapa na kuishiwa nguvu.

Hata kipimo cha ugonjwa huu kinapima kutoa. Mgonjwa huvuta dawa ya kufungua njia za hewa, kisha hupuliza kwa nguvu zote kwenye spirometa. Ikiwa hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza haifikii asilimia 70 ya yote aliyoweza kupuliza, njia zake zimeziba.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, COPD iliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021 na ilikuwa ya nne miongoni mwa visababishi vya vifo duniani. Sigara inatajwa sana, na ni haki yake: katika nchi tajiri inahusika na zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa. Lakini katika nchi za kipato cha chini na cha kati sehemu yake ni asilimia 30 hadi 40, na moshi wa ndani ya nyumba, wa kuni, mkaa na samadi, una mchango mkubwa. Ndiyo maana naudhika mama aliyepika kwa kuni miaka thelathini anapoambiwa kikohozi chake hakiwezi kuwa COPD kwa kuwa hakuwahi kuvuta sigara. Vumbi na kemikali za kazini, na kifua kikuu kilichopona kikaacha makovu, navyo vimo.

Kupuliza kwa midomo iliyokunjwa

Mbinu ya kwanza ni nyepesi kiasi kwamba wagonjwa huidharau. Legeza mabega. Funga mdomo, vuta pumzi taratibu kwa pua huku ukihesabu moja, mbili. Pumzi ya kawaida inatosha, usivute ya kujaza kifua. Kisha kunja midomo kama mtu anayetaka kupiga mluzi, utoe taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Kama kungekuwa na mshumaa mbele yako, mwali ungeyumba bila kuzimika. Rudia kwa dakika moja au mbili, hadi kifua kilegee.

Tundu dogo la midomo huzuia hewa kidogo, na kizuizi hicho hurudisha msukumo hadi ndani ya mirija, ikabaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Hewa iliyonasa hupata nafasi ya kutoka. Hesabu yenyewe si amri. Asiyeweza mbili kwa nne aanze na moja kwa mbili, mradi kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Makosa ninayoyaona ni yale yale. Wapo wanaopuliza kwa nguvu hadi mashavu yanatuna. Hao wanaibana mirija iliyokwisha kulegea. Wapo wanaovuta kwa pupa kabla ya kuanza. Na wengi hungoja mpaka wabanwe ndipo wajaribu kwa mara ya kwanza. Mtu aliyeshikwa na hofu hajifunzi kitu kipya. Fanya mazoezi ukiwa umetulia, mara tatu au nne kwa siku, ili siku ya taabu midomo ijikunje yenyewe. Ukihisi kizunguzungu, acha kwanza, pumua kawaida.

Kiatu na ngazi

Mzee mmoja niliyemhudumia aliniambia kwamba ngazi anaziweza, kinachomshinda ni viatu. Nikamwomba avae nione. Alivuta pumzi kubwa, akaizuia, akainama hadi kifua kikagusa mapaja, akaanza kuhangaika na kamba. Alipoinuka uso ulikuwa umemwiva na hakuweza kusema neno. Alikuwa amejaza kifua, akakifunga, kisha tumbo likakisukuma kiwambo juu kutokea chini.

Tulibadilisha mambo mawili. Akae, apandishe mguu mmoja juu ya goti la mwingine badala ya kuinama. Na mkono unapokwenda kwenye kiatu, awe anapuliza. Kanuni ni kwamba nguvu hutumika wakati wa kutoa pumzi. Unataka kuinuka kitini? Vuta ukiwa umekaa, puliza ukiinuka. Kunyanyua ndoo, kusukuma mlango mzito, kujigeuza kitandani, vyote ni hivyo hivyo. Kwenye ngazi, simama uvute, kisha panda kidato kimoja au viwili ukipuliza, simama tena. Utaonekana mwepesi wa kusimama kuliko wa kupanda, lakini utafika juu ukiwa na sauti ya kusalimia.

Yule mzee alirudi baada ya wiki tatu na viatu visivyo na kamba. “Daktari,” akasema (huniita hivyo ingawa mimi si daktari), “mbinu bora kuliko zote ni hii.” Sikumbishia.

Ukibanwa njiani au jikoni, mkao husaidia. Kaa, inamia mbele kidogo, viwiko juu ya magoti au mikono juu ya meza. Kama hakuna pa kukaa, egemea ukuta kwa mgongo na mikono juu ya mapaja, au inamia kaunta. Mikono ikipata pa kutua, misuli ya mabega huachana na kazi ya kuibeba, ikasaidia kutanua mbavu. Upepo wa feni ndogo kwenye pua na mashavu nao hutuliza. Oksijeni mwilini haiongezeki kwa hilo, ila mishipa ya fahamu ya uso hupeleka ubongoni habari ya hewa baridi, na hisia ya kukosa hewa hupungua.

Kuhusu kupumua kwa tumbo, ambako hufundishwa karibu kila mahali, mimi huwa mwangalifu. Mgonjwa ambaye kiwambo chake kimeshalala bapa, ukimlazimisha kutuna tumbo unaweza kumwongezea kazi ya kupumua. Kama umefundishwa na unapata nafuu, endelea. Kama kila ukijaribu unazidi kuhema, iache bila kujilaumu.

Makohozi nayo yasitolewe kwa kukohoa mfululizo mpaka mbavu ziume. Pumua taratibu mara kadhaa, vuta pumzi ya wastani, kisha fungua mdomo na koo utoe hewa kwa msukumo, “haa”, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute. Mara mbili tatu, upumzike. Makohozi yakishapanda, kikohozi kimoja kitayamaliza.

Dawa ya kuvuta inayoishia kooni

Kabla ya kusema dawa haifanyi kazi, mwombe muuguzi au mfamasia akutazame unavyoivuta. Pampu ya kubonyeza hutikiswa kwanza. Toa pumzi, bana midomo kuzunguka mdomo wa pampu, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta hadi mwisho, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10 au kadiri unavyoweza. Kama umeandikiwa mara mbili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, utikise tena. Ikikuwia vigumu kupatanisha mkono na pumzi, na wengi huwawia vigumu, tumia spesa, lile bomba pana linaloshika dawa hadi uivute. Lioshe kwa maji ya sabuni, uliache likauke lenyewe. Ukilifuta kwa kitambaa, dawa itanata ukutani.

Pampu ya dawa ya unga ni kinyume chake: hiyo huvutwa kwa kasi na kwa nguvu, na usipumulie ndani yake, maana unga huloa ukagandamana. Nimeona mgonjwa mwenye pampu zote mbili akizivuta kwa namna moja miezi sita. Ukishavuta dawa yenye steroidi, sukutua mdomo kwa maji uyateme, vinginevyo utando mweupe wa fangasi unaweza kuota kinywani.

Kuhema si kosa

Watu wa nyumbani wakimpenda mgonjwa kupita kiasi humkalisha. Anahema akitembea, basi asitembee. Miguu inanyong’onyea, na miguu iliyonyong’onyea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile, hivyo mwezi ujao atahema kwa safari fupi zaidi. Kuhema kutokana na zoezi, kukitulia baada ya dakika chache za mapumziko, hakuharibu mapafu. Kipimo changu ni kwamba uweze kuzungumza unapotembea, ila usiweze kuimba. Penye programu ya urekebishaji wa mapafu, omba upelekwe. Kwa kawaida huchukua wiki sita hadi nane au zaidi kidogo, na miongoni mwa tiba zote tulizo nazo ni chache zinazomrudishia mtu uwezo wa kutembea kama hiyo.

Kutembea kuhifadhiwe, jasho la bure lipunguzwe. Oga ukiwa umekaa. Badala ya kujifuta, jifunge taulo kubwa likunywe maji. Vitu vya kila siku viwe usawa wa kiuno, kwa kuwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa huiba misuli inayosaidia kupumua. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Tumbo lililoshiba hukisukuma kiwambo. Hata tendo la ndoa, ambalo wengi huona haya kuliuliza, lina hesabu hiyo hiyo: usiwe umeshiba, uwe umeshavuta dawa yako ya kufungua njia za hewa kama mtaalamu wako amekushauri hivyo, na mkao usikibane kifua.

Kuacha sigara hakurudishi vifuko vilivyobomoka, ila kunapunguza kasi ya kuporomoka kwa mapafu kuliko dawa yoyote, hata kwa aliyevuta miaka arobaini. Chanjo ya mafua kila mwaka, ya nimonia na ya UVIKO zipo kwa sababu mafua madogo kwa mwenye COPD si madogo.

Ijue hali yako ya kawaida ili uitambue inapogeuka. Kuhema kuliko jana, makohozi yaliyoongezeka, au yaliyobadilika kuwa ya njano au kijani, ni sababu ya kumwona daktari siku hiyo hiyo au kuanza mpango aliokuandikia. Midomo ikiwa ya bluu au kijivu, mgonjwa akichanganyikiwa, akisinzia kusiko kwa kawaida, akiumwa kifua au akishindwa kumaliza sentensi, hiyo ni dharura.

Mkifika hospitali, semeni mapema kwamba ana COPD. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa oksijeni ikizidi hupandisha kabonidioksidi kwenye damu, kwa hiyo mara nyingi tunalenga kipimo cha oksijeni cha kidoleni kiwe kati ya asilimia 88 na 92. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mtungi nyumbani asiongeze kiwango kwa kujiamulia. Pia asiruhusu moto wala sigara karibu nao.

Njiani msimlaze chali. Akae, ainamie mbele, mikono ipate pa kuegemea, na dirisha lifunguliwe. Msimzunguke nyote mkimwambia “vuta, vuta”. Mmoja akae anapoonekana, akunje midomo, apulize polepole, na mgonjwa amfuatishe.